Namna ya Kubaini Chanzo cha Gesi Iliyoionishwa katika Galaksi za Duaradufu na za Umbo la Lenzi

Kwa muda mrefu galaksi za duaradufu na zile za umbo la lenzi, ambazo Edwin Hubble aliziweka upande wa kushoto wa mchoro wake wa maumbo na ambazo wanaastronomia huziita galaksi za aina za mwanzo, zilihesabiwa kuwa makazi ya nyota kongwe tu, zisizo na gesi ya kutajika. Hesabu hiyo haikudumu. Katika mradi wa SAURON, uliotumia darubini ya William Herschel iliyopo kisiwani La Palma, zilichunguzwa galaksi 48 za aina hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa takriban robo tatu yake zina gesi iliyoionishwa, yaani gesi ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni. Gesi hiyo ina joto la kelvini 10,000 hivi, na tungamo lake ni dogo sana likilinganishwa na lile la nyota zinazoizunguka. Kwa kuwa elektroni na ioni huungana tena baada ya muda, lazima kuwe na kitu kinachoendelea kuzitenganisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitambua kitu hicho katika galaksi moja uliyoichagua mwenyewe.

Nimemkusudia mwanafunzi wa fizikia, au mpenda nyota mwenye hisabati ya kidato cha sita, aliyepo Dar es Salaam akiwa na kompyuta mpakato na bando la kawaida. Kazi yote inaweza kufanywa kwa data ambazo miradi mikubwa imeziweka wazi bila malipo. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba jina ambalo galaksi hupewa na mchoro wa uwiano wa mistari (mwanga ambao gesi hutoa katika rangi chache maalumu), hata likiwa limeandikwa kwenye jedwali la mradi mkubwa, halitoshi kuwa jibu. Jibu hupatikana kwa kuuliza maswali mawili ya ziada: mstari una nguvu kiasi gani ukilinganishwa na mwanga wa nyota, na mng'ao wenyewe umeenea wapi ndani ya galaksi.

Wanaotuhumiwa

Kabla ya kupakua chochote, wajue wanaoweza kuwa chanzo. Wa kwanza ni nyota changa zenye joto kali, ambazo mionzi yake ya urujuanimno huionisha gesi iliyo jirani. Katika galaksi za aina hii nyota hizo ni chache, lakini zipo, hasa katika galaksi za lenzi zenye sahani ya gesi baridi na vumbi, kama NGC 4526 na NGC 3032. Wa pili ni shimo jeusi la katikati linalomeza mada. Mada hiyo, ikizunguka na kupata joto, hutoa mionzi mikali ya urujuanimno na eksirei. Wa tatu ni mawimbi ya mshtuko, yanayotokea mawingu ya gesi yanapogongana kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa sekunde au yanaposukumwa na mchirizi utokao kwenye shimo jeusi. Wa nne ni gesi ya moto ya kelvini milioni kadhaa, inayoonekana kwa darubini za eksirei, ambayo inaweza kuipasha joto gesi baridi inayogusana nayo.

Wa tano alisahauliwa kwa miaka mingi, ilhali ndiye mkosaji wa mara kwa mara. Nyota yenye tungamo linalokaribia lile la Jua, ikimaliza kuwa jitu jekundu, hutupa matabaka yake ya nje, na kiini chake kinachobaki wazi hufikia joto la kelvini 100,000 au zaidi kabla ya kupoa na kuwa kibete cheupe. Kipindi hicho ni kifupi mno katika maisha ya nyota, lakini galaksi kubwa ina mabilioni ya nyota kongwe, na kwa hiyo wakati wowote kuna nyingi zilizo katika hatua hiyo, zimetawanyika kila mahali zilipo nyota nyingine. Mwaka 1994 Luc Binette na wenzake walionyesha kwa mahesabu kwamba mionzi ya nyota hizo inatosha kueleza mng'ao hafifu wa galaksi nyingi za duaradufu. Kwa kukadiria, kila tungamo moja la Jua katika kundi la nyota kongwe hutoa takriban fotoni 10^41 za kuionisha haidrojeni kila sekunde. Shika namba hiyo, kwa sababu tutairudia.

Kupata data bila kumaliza bando

Chagua galaksi iliyo katika mradi wa kupima anga uitwao SDSS, ambao hufanya kazi kwa darubini ya mita 2.5 iliyopo Apache Point, New Mexico, Marekani. Spektra ya galaksi moja, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, ukichagua faili lake la muhtasari, ni ndogo kiasi kwamba hata mtandao wa simu hauoni shida. Ukitaka kujua mng'ao umeenea wapi, unahitaji data za MaNGA, sehemu ya SDSS iliyopima galaksi takriban 10,000 kwa vifurushi vya nyuzi za kioo kuanzia 19 hadi 127, ili kila galaksi ipate spektra nyingi badala ya moja. Data zote za MaNGA zilitolewa wazi Desemba 2021. Kwa kila galaksi utakuta mchemraba wa data, ambao ni faili kubwa lenye spektra zote, na pia faili la ramani ambamo nguvu za mistari, mwendo wa gesi na mwendo wa nyota vimekwisha pimwa. Nakushauri uanze na faili la ramani. Mchemraba upakue usiku, bando likiwa nafuu, na uamuru programu iendelee ilipoishia endapo umeme utakatika.

Ukiwa na hamu ya kuziona galaksi hizi kwa macho, jiji letu limekaa pazuri. Usiku wa Juni, masika yakiwa yamekwisha, NGC 5128 ya kundinyota la Kantarusi hupanda hadi nyuzi 54 hivi upande wa kusini, na M87 ya Mashuke hupita upande wa kaskazini kwa nyuzi 71 hivi. Ya kwanza huonekana kwa darubini ya macho mawili ukiwa mbali na taa za mji. Ya pili huhitaji darubini ndogo ya miguu. Gesi yenyewe hutaiona, kwa sababu mwanga wa nyota huifunika kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Kuondoa mwanga wa nyota

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Spektra ya galaksi ya duaradufu ni jumla ya mwanga wa mabilioni ya nyota, na mwanga huo una mistari myeusi mahali palepale ambapo gesi hutoa mistari angavu. Mstari wa haidrojeni uitwao H-beta ni mfano mbaya kuliko yote: nyota kongwe hukata humo shimo lenye upana linganifu wa angstromu 1.5 hadi 2 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), ilhali gesi hujaza humo labda angstromu 0.4 tu. (Upana linganifu ni upana wa kipande cha mwanga wa nyota ambacho kiasi chake ni sawa na mwanga wote wa mstari, kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo gesi inavyong'aa kwa uhafifu mbele ya nyota zake.) Ukiitazama spektra ghafi huoni mstari angavu wowote, unaona shimo ambalo ni fupi kidogo kuliko linavyotakiwa kuwa.

Muuza samaki wa Feri anayepima dagaa ndani ya beseni zito anakabiliwa na tatizo hilohilo, kwa kuwa akikosea uzito wa beseni kidogo tu, kosa lote linaangukia dagaa. Beseni letu ni mwanga wa nyota. Tuseme gesi kweli ina H-beta ya angstromu 0.4 na mstari wa oksijeni wa 5007 (namba hii ni urefu wa wimbi kwa angstromu) wenye upana linganifu wa angstromu 0.8, hivyo uwiano wao ni 2. Kiolezo chako cha nyota, yaani spektra ya mfano ya mwanga wa nyota, kikikosea kwa angstromu 0.2 tu, H-beta itasomeka 0.2 au 0.6, na uwiano utakuwa 4 au 1.3. Mpaka wa kimapokeo unaotenganisha mashimo meusi yenye nguvu na mng'ao wa gesi iliyoionishwa kwa kiwango cha chini uko kwenye 3. Kwa kosa dogo la beseni, galaksi tulivu imepewa shimo jeusi linalonguruma.

Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni pPXF, iliyoelezwa na Michele Cappellari na Eric Emsellem mwaka 2004, ambayo hupatikana bure kwa lugha ya Python. Huchukua maktaba ya violezo vya nyota za umri na utajiri wa metali mbalimbali, huvipanua kulingana na mtawanyiko wa kasi wa nyota katika galaksi, yaani jinsi kasi zao zinavyotofautiana, kisha hutafuta mchanganyiko unaolingana vizuri zaidi na spektra yako, huku ikipachika mistari ya gesi kwa wakati mmoja. Usifiche mistari ya gesi kwanza na kuirudia baadaye, kama ilivyofanywa zamani; kuipima pamoja na nyota hutumia habari zote zilizomo, hasa pembeni mwa H-beta ambako ndiko shimo la nyota linakosomeka vizuri.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Spektra za SDSS hupimwa kwa urefu wa mawimbi katika ombwe, lakini majina ya mistari tuliyoyazoea vitabuni hutokana na urefu wa mawimbi hewani. Mstari mwingine wa haidrojeni, H-alfa, ni angstromu 6562.8 hewani na 6564.6 katika ombwe. Ukichanganya violezo vya hewani na data za ombwe, tofauti hiyo ya angstromu 1.8 itajitokeza kama mwendo wa uongo wa takriban kilomita 80 kwa sekunde, na mstari mweusi wa kiolezo hautakaa mahali pake. Galaksi yenye mhamo mwekundu (urefu wa mawimbi ulioongezeka kwa sababu galaksi inakwenda mbali nasi) wa 0.03 inapaswa kuonyesha H-alfa karibu na angstromu 6761.5, anza kwa kuhakiki hilo kwa mkono.

Baada ya kupachika, kagua mambo matatu. Mstari wa oksijeni wa 5007 lazima uwe na nguvu takriban mara 3 ya mwenzake wa 4959, na wa nitrojeni wa 6583 mara 3 ya ule wa 6548, kwa sababu uwiano huo umewekwa na atomi yenyewe. Uwiano wa H-alfa kwa H-beta usishuke chini ya 2.86 kwa kiasi kinachozidi makosa ya vipimo. Ukishuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba beseni limepimwa vibaya, na ukiwa juu zaidi, kuna vumbi. Tatu, kilele cha kila mstari kiwe angalau mara 3 ya kelele iliyobaki baada ya kuondoa kiolezo. Mstari usiofikia hapo uandikwe kama kikomo cha juu, usichorwe kwenye grafu kana kwamba umepimwa.

Mchoro wa uwiano na mipaka yake

Mwaka 1981 Jack Baldwin, Mark Phillips na Roberto Terlevich walipendekeza mchoro unaolinganisha uwiano wa oksijeni kwa H-beta na uwiano wa nitrojeni kwa H-alfa. Mistari hiyo imechaguliwa kwa ujanja mzuri, maana kila jozi iko karibu kwa rangi, hivyo vumbi haliharibu uwiano. Mpaka wa Lisa Kewley na wenzake wa mwaka 2001 unaonyesha upeo ambao nyota changa zinaweza kufika. Ule wa Guinevere Kauffmann na wenzake wa mwaka 2003 uko ndani zaidi.

Chukua galaksi yetu ya mfano. Tuseme uwiano wa nitrojeni kwa H-alfa ni 1.3, logi yake 0.11, na wa oksijeni kwa H-beta ni 2, logi yake 0.30. Mpaka wa Kewley ni 0.61 gawanya kwa (x toa 0.47), jumlisha 1.19, ambapo x ni logi ya uwiano wa nitrojeni. Kwa galaksi yetu mpaka unakuwa takriban hasi 0.5. Nukta yetu iko juu yake kwa mbali, kwa hiyo nyota changa pekee haziwezi kuwa jibu. Uwiano wa oksijeni ukiwa chini ya 3, galaksi inaangukia kundi ambalo Timothy Heckman alilitambua mwaka 1980 na kulipa jina la LINER, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya eneo la kiini linalotoa mistari ya uionishaji wa chini. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba kuna shimo jeusi linalofanya kazi.

Usiishie hapo. Nyota kongwe zenye joto, mawimbi ya mshtuko ya mwendo wa wastani na shimo jeusi lililonyongea vyote vinaweza kuitupa nukta mahali hapohapo, kwa kuwa uwiano wa mistari huonyesha ukali na wingi wa mionzi inayoifikia gesi, na hauonyeshi ilikotoka. Pima sasa upana linganifu wa H-alfa. Roberto Cid Fernandes na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba chini ya angstromu 3 galaksi nyingi hazihitaji chochote zaidi ya nyota zao kongwe. Walizipa jina la galaksi zilizostaafu. Kati ya 3 na 6 shimo jeusi dhaifu linawezekana, na juu ya 6 ni lenye nguvu, mradi uwiano wa nitrojeni uwe mkubwa. Galaksi yetu ina angstromu 1.2. Imestaafu.

Hakikisha kwa hesabu ya fotoni. Badili nguvu ya H-alfa iwe idadi ya fotoni za H-alfa kwa sekunde, izidishe kwa 2.2, kwa kuwa takriban miungano 2.2 ya elektroni na protoni huhitajika ili kuzaa fotoni moja ya H-alfa, kisha ilinganishe na 10^41 mara tungamo la nyota. Galaksi yenye nyota za tungamo la Jua bilioni 100 ina akiba ya takriban fotoni 10^52 kwa sekunde. Mahitaji yakiwa ndani ya akiba, huna sababu ya kumtafuta mtuhumiwa mwingine. Yakizidi mara kadhaa, lazima umtafute. Kadirio la akiba linategemea mifano ya uzee wa nyota, ambayo bado ina utata, kwa hiyo tofauti ya mara mbili isikufanye utoe hukumu.

Kusoma ramani

Ramani hutoa ushahidi ambao spektra moja haiwezi kuutoa. Chora mng'ao wa H-alfa dhidi ya umbali kutoka katikati, na kando yake mwanga wa nyota. Mionzi inayotoka kwenye nukta moja hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo chanzo kikiwa shimo jeusi, athari yake inapaswa kudhoofika haraka unapotoka katikati. Chanzo kikiwa nyota kongwe, mng'ao wa gesi hufuata mwanga wa nyota, na upana linganifu hubaki karibu sawa galaksi nzima. Data za MaNGA zilionyesha hali hiyo ya pili katika galaksi nyingi, na ndiyo maana Francesco Belfiore na wenzake walipendekeza mwaka 2016 kuliondoa neno la kiini katika jina la LINER na kuziita LIER, kwa kuwa mng'ao wenyewe mara nyingi hauhusiani na kiini.

Mawimbi ya mshtuko hujulikana kwa njia nyingine. Tazama kama mistari ya salfa ya 6717 na 6731 na ule wa oksijeni wa 6300 hupata nguvu mahali ambapo mistari ni mipana. Uhusiano huo kati ya uwiano na mtawanyiko wa kasi ni dalili nzuri ya mshtuko. Nyota changa huonekana kama pete au sahani yenye uwiano mdogo wa oksijeni kwa H-beta, aghalabu palepale penye vumbi.

Ramani za mwendo hujibu swali jingine, la mahali gesi ilikotoka. Nyota zinazozeeka hutupa gesi, na gesi hiyo inapaswa kuzunguka kama nyota zilizoizaa. Gesi iliyonyakuliwa kutoka galaksi nyingine inaweza kuzunguka upande wowote. Pima pembe kati ya mhimili wa mwendo wa nyota na ule wa gesi. Katika mradi wa ATLAS3D, uliochunguza galaksi 260, Timothy Davis na wenzake walikuta mwaka 2011 kwamba takriban 36% ya galaksi zinazozunguka kwa kasi na zenye gesi zina pembe inayozidi nyuzi 30, ilhali ndani ya kundi la galaksi la Mashuke gesi karibu kila mara hufuata nyota. Katika NGC 3032 gesi huzunguka kinyume kabisa na nyota. Pembe ndogo haithibitishi kwamba gesi ni ya nyumbani, kwa kuwa gesi ngeni nayo inaweza kuingia kwa pembe nzuri au ikanyooka baadaye; pembe kubwa, kwa upande wake, karibu kila mara humaanisha mgeni.

Kuandika hukumu

Hukumu iandikwe kwa kila eneo la galaksi, si kwa galaksi nzima. M87 inaonyesha kwa nini. Kiini chake ni LINER, na humo kuna shimo jeusi lenye tungamo la Jua takriban bilioni 6.5, ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, na mchirizi wake ulionwa na Heber Curtis tangu mwaka 1918. Pale katikati, kumlaumu shimo jeusi ni sahihi. Lakini nje ya kiini kuna nyuzinyuzi za gesi zinazong'aa zikiwa zimezungukwa na gesi ya moto ya eksirei, na huko mgusano na gesi hiyo pamoja na mishtuko vina nafasi kubwa kuliko mwanga wa kiini. Kwa galaksi yako, andika katikati umemkuta nani na kwa ushahidi upi, andika pembeni umemkuta nani, taja upana linganifu na umbali uliopima, na eneo ambalo mistari haikufikia mara 3 ya kelele liache tupu kwenye ramani. Ukitaja shimo jeusi mahali penye upana linganifu ulio chini ya angstromu 3, tafuta kwanza kiini cha redio au nukta ya eksirei katika kumbukumbu za darubini ya Chandra, na uambatanishe ulichokikuta.